Siku moja Kigamboni: uliza maji kwanza, nauli baadaye

Anayekwenda Kigamboni, ng'ambo ya bandari ya Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili: nauli ni shilingi ngapi, na bichi ipi ni nzuri. Swali la maji haliulizi. Mimi pia sikuliuliza. Jumapili moja niliwabeba watoto wa dada yangu, tukavuka asubuhi, tukafika ufukweni mnamo saa nne na nusu tukiwa na boya, taulo na kikapu cha chapati. Bahari haikuwepo. Palikuwa na mchanga uliolowa, majani ya baharini, vidimbwi, na kinamama wameinama mbali kule wakiokota kome. Mdogo akaniuliza, "Mjomba, umetuleta uwanjani?" Mzee mmoja aliyekuwa akishona nyavu chini ya mvinje alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Leo bamvua, mwanangu. Rudini saa tisa."

Basi mwongozo huu unaanzia kwa yule mzee.

Hatua ya kwanza: hesabu maji

Pwani ya Dar es Salaam maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na siku za bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa inapita mita 3. Mahali ambapo mchanga umelala tambarare, kama sehemu kubwa ya Mjimwema na Gezaulole, mita hizo 3 za kina ni mwendo mrefu wa miguu kuelekea baharini. Ndiyo maana ufukwe uleule mtu mmoja atausifu na mwenzake ataulaani, na wote wawili wamesema kweli.

Wavuvi hawahitaji programu ya simu. Wanahesabu tarehe za mwezi mwandamo. Shika hivi: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, yaani kati ya tarehe 1 na 3 na kati ya 15 na 17 za mwezi wa Kiislamu, ni bamvua. Siku hizo maji hupwa kabisa kuanzia saa nne hadi tano asubuhi, kisha hujaa tele saa kumi hadi kumi na moja jioni. Mwezi ukiwa nusu, tarehe 7 au 8 na 22 au 23, ni maji mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na mambo yamegeuka, kwani kujaa kunakuja saa nne au tano asubuhi na kupwa jioni. Katikati ya hapo, saa za kujaa na kupwa husogea mbele kama dakika 50 kila siku.

Ukishajua hilo, siku yako inajipanga yenyewe. Kama unataka kuogelea asubuhi na kurudi mjini mapema, nenda siku za nusu mwezi. Kama ni bamvua, usivunjike moyo, badili ratiba tu: asubuhi tembea juu ya mwamba na mchanga uliofunuliwa, watoto wakimbizane na kaa, mle chakula cha mchana, halafu maji yatawafuata wenyewe mpaka kwenye viti kuanzia saa nane. Mimi binafsi siku hizi napenda bamvua kuliko maji mafu. Unapata fukwe mbili kwa nauli moja.

Usiku wa kuamkia safari tazama mwezi, au mpigie simu mtu wa pwani umuulize, "Kesho maji yanajaa saa ngapi?" Hilo ndilo swali.

Hatua ya pili: chagua msimu na siku

Kuanzia Desemba hadi Machi hivi upepo ni kaskazi. Joto ni kali, lakini bahari ni tulivu na maji yanaonekana mpaka chini. Kuanzia Mei au Juni hadi Septemba ni kusi: hewa ni ya baridi ya kupendeza, usingizi unanoga, ila mawimbi ni makubwa na mwani mwingi hutupwa ufukweni. Masika, Machi hadi Mei, barabara za ndani huwa na madimbwi, na maji ya bahari karibu na mikondo ya mito hubadilika rangi. Nusu ya pili ya Juni, na tena Oktoba kabla vuli haijashika, ni wakati mzuri kwa mtu asiyependa kuungua.

Siku ya wiki ni bora kuliko mwishoni mwa wiki. Jumapili na sikukuu, hasa Idi Pili na Siku ya Mwaka Mpya, nusu ya jiji huvuka, na muziki wa baa moja hupigana na muziki wa baa ya jirani. Ukimya unaosifiwa Kigamboni ni wa Jumanne na Jumatano. Ukipata ruhusa kazini siku ya katikati ya wiki, usiimalizie nyumbani.

Hatua ya tatu: vuka

Njia ni tatu.

Pantoni ndiyo njia ya asili, na kwa mgeni nasema ndiyo njia yenyewe. Panda basi la mwendokasi mpaka kituo cha mwisho, Kivukoni, kisha tembea kidogo mpaka Feri, pantoni inakofunga. Nauli ya anayevuka kwa miguu kwa miaka mingi imekuwa shilingi 200, na siku hizi unalipa kwa kadi ya N-Card. Inunue na uijaze kabla hujafika kwenye foleni, maana foleni ya kununua kadi na foleni ya kuvuka ni vitu viwili. Vivuko vya MV Magogoni, MV Kigamboni na MV Kazi viko chini ya TEMESA, wakala wa serikali wa ufundi na umeme, na boti za abiria za watu binafsi nazo zimeingizwa kusaidia. Safari yenyewe haizidi dakika 10.

Shida ya pantoni si maji, ni geti. Watu hukusanywa kwenye banda, geti likifunguliwa wote wanatoka kama ng'ombe wa Gairo: baiskeli zenye matenga ya samaki, mikokoteni, wanafunzi, mama aliyebeba kuku. Usikimbie. Nafasi ipo, pantoni inabeba mamia ya watu. Kaa pembeni, weka simu mfuko wa mbele, mshike mtoto mkono, wapishe wenye haraka. Wanaokimbia ni wakazi, wanawahi daladala ng'ambo.

Ukiwa katikati ya mlango wa bandari geuka utazame jiji. Utaona mnara wa kanisa la Azania Front ambalo Wajerumani walilimaliza mwanzoni mwa karne iliyopita, na nyuma yake maghorofa marefu yaliyolifanya lionekane kama toi. Tazama kwa macho. Upande mmoja kuna Ikulu, upande wa pili kuna kikosi cha wanamaji, na askari hawapendi kamera sehemu hizo. Picha utapiga bichi mpaka uchoke.

Njia ya pili ni Daraja la Nyerere, kutokea Kurasini. Lilifunguliwa Aprili 2016, lina urefu wa mita 680 na njia sita za magari, na NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya fedha, ndiyo maana gari linalipa tozo. Mtembea kwa miguu halipi. Kwa mwenye gari na wazee, daraja linaokoa muda, hasa siku pantoni moja ikiwa matengenezoni. Ukipita asubuhi, tazama chini kwenye mkono wa bahari: mikoko ya upande wa Vijibweni imesimama kwenye tope, na maji yakipwa ndege weupe wanajaa pale.

Ya tatu ni barabara ya Kongowe hadi Kibada, kwa wanaotokea Mbagala au Mkuranga. Ni ndefu lakini haina foleni ya maji wala tozo. Iweke akilini kwa ajili ya kurudi.

Kwa nini bado kuna miti

Mtu akisimama Feri anaiona Kigamboni iko karibu kiasi cha kuitana kwa sauti, na anajiuliza kwa nini haikujaa maghorofa kama Masaki. Jibu la kwanza ni maji. Kabla ya daraja, kila mfuko wa saruji ulivuka kwa pantoni au ukazunguka Kongowe. Jibu la pili wenyeji hulitoa kwa uchungu kidogo. Mwaka 2008 ulitangazwa mpango wa Mji Mpya wa Kigamboni, watu wakazuiwa kuendeleza viwanja wakisubiri fidia, na mji haukuja. Waliosubiri walipoteza miaka mingi ya kujenga. Minazi, mikorosho na miembe ikapata miaka hiyohiyo ya kuendelea kukua. Kwa hiyo ukisifia kivuli mbele ya mwenyeji, usishangae akikujibu kwa guno.

Tangu daraja lifunguliwe na Kigamboni ikawa wilaya kamili, ikatoka Temeke, kuta zimeanza kupanda haraka. Kibada ya sasa si Kibada ya miaka kumi iliyopita. Wanaotaka kuona kijani wasisubiri sana.

Hatua ya nne: chagua umbali wako

Ukishuka pantoni utapokelewa na bodaboda, bajaji na daladala kwa mpigo mmoja. Daladala ni rahisi na zinaelekea Mjimwema, Kibada, Gezaulole, Cheka na kwingineko. Msikilize kondakta anaita wapi, si kibao kinasema nini. Bajaji patana kabla hujakaa. Salimia kwanza, kisha sema unakokwenda kama mtu anayekujua: "Mjimwema pale njia panda, shilingi ngapi kaka?" Ukisema tu "bichi", umeshaongeza bei.

Wa karibu: Mikadi. Ni kama kilomita 2 kutoka pantoni, na asiye na mzigo anaweza kutembea. Inamfaa mwenye nusu siku.

Wa kati, na hapa ndipo wengi huishia: Mjimwema na fukwe za baada yake, kama Sunrise na Kipepeo. Mchanga mweupe, mivinje, vibanda vya makuti, chakula kinapikwa hapohapo. Sehemu nyingi zina kiingilio, na zipo ambazo kiingilio hicho unakirudisha kwenye chakula au kinywaji. Uliza mlangoni, na tunza kikaratasi. Mbele yako baharini utaona meli kubwa za mafuta zimetulia siku nzima kama zimesahauliwa. Hazijasahauliwa. Mafuta hushushwa kwenye boya kule nje na kuletwa kwa bomba hadi kwenye matangi. Kigamboni ndiko linakoanzia bomba la TAZAMA, lililoanza kazi 1968, likienda kilomita 1,710 hadi Ndola, Zambia. Watoto wangu wa kwa dada waliipenda habari hiyo kuliko kuogelea.

Wa mbali kidogo: Gezaulole. Hapa nitakaa, kwa sababu wageni wengi wanapapita wakiwa na vioo vya gari juu. Jina ni la Kizaramo, maana yake "jaribu uone". Lilikuja na kijiji cha ujamaa miaka ya 1970. Jina la zamani la eneo ni Mbwamaji, na Mbwamaji ulikuwa mji wa Waswahili wenye bandari yake kabla Dar es Salaam haijaitwa Dar es Salaam. Magofu ya msikiti na makaburi ya zamani yapo bado, mizizi imeyakumbatia. Hakuna geti la watalii wala kibao kikubwa. Ingia kijijini, tafuta wazee waliokaa barazani, toa shikamoo, eleza umetoka wapi na unataka kuona nini. Watakupa kijana wa kukuongoza. Mpe chochote mwishoni bila kusubiri kuombwa. Pale ni makaburi: kina dada wajifunike kanga, kina kaka wasiende kifua wazi wala na pensi ya kuogelea, na asiwepo wa kukaa juu ya kaburi kwa ajili ya picha. Nimeona kitu hicho kikifanyika na sitaki kukiona tena.

Ukipita Somangila utaona Avic Town, ambako timu ya soka ya Yanga imeweka kambi yake miaka ya karibuni. Kama una shabiki wa watani wao Simba garini, mwambie asalimie.

Zaidi ya hapo ni Kimbiji, Pemba Mnazi na Ras Kutani. Huko si safari ya siku moja kwa daladala. Nenda na gari, lala.

Hatua ya tano: mkishafika

Agiza chakula kabla ya kuvua viatu. Samaki wa kuchoma atachukua saa nzima, mara nyingine zaidi, na hakuna anayekudanganya: mkaa ndio unawashwa. Chagua samaki mwenyewe, kubaliana bei ya samaki yuleyule pamoja na ugali au chipsi, kisha nenda zako majini. Mwenye bajeti ndogo anunue mihogo ya kuchoma, pweza na madafu kwa wanaopita, au asubuhi apitie soko la samaki la Feri, anunue changu wa kukaangwa palepale sokoni na kuvuka nao. Ufiche mfuko. Kunguru wa Dar es Salaam hawaogopi mtu, na wa Kigamboni wamesomea: nimeona mmoja akifungua kontena la wali.

Kuingia majini vaa kandambili ngumu au raba kuukuu, hasa maji yakiwa madogo. Mwamba una miiba ya baharini, na mwiba ukikatikia kisiginoni umemaliza safari. Wakati wa joto huwapo yavuyavu wa kuwasha. Akikugusa, toka, osha kwa maji ya bahari, usisugue kwa mchanga. Usiogelee karibu na mlango wa bandari. Mkondo wa pale maji yakitoka ni mkali, na meli haina breki ya ghafla.

Ufukwe huu unatazama mashariki. Anayekuja kusubiri jua litue baharini atasubiri sana, jua linazama nyuma yako juu ya minazi. Cha kwako ni alfajiri, kwa anayelala huku. Faida ya mgeni wa siku moja ni alasiri: kivuli cha mivinje huinama upande wa maji, na kuanzia saa tisa unaweza kukaa mchangani bila mwavuli.

Kuhusu kutembea kandokando ya bahari: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, kwa hiyo mchanga ulio wazi si sebule ya mtu, hata kama mlinzi amekunja uso. Msalimie, pita chini karibu na maji. Lakini usiende peke yako sehemu zenye vichaka na ukimya mwingi, na usibebe simu mkononi kama tochi. Vitu vya thamani viache nyumbani. Mkiwa wanne, mmoja abaki na mizigo, mpokezane.

Hatua ya sita, kwa wenye nguvu: Sinda

Visiwa unavyoviona mbele ya Mjimwema ni Sinda, viwili. Pamoja na Makatumbe na Kendwa viliingizwa kwenye hifadhi ya bahari ya Dar es Salaam mwaka 2007, kwa hiyo kuna kiingilio cha hifadhi mbali na bei ya boti. Uliza waziwazi kama bei uliyotajiwa ina vyote viwili. Panga boti kwenye fukwe za baada ya Mjimwema, dai jaketi la kuokolea la kila mtu, mtoto apate la ukubwa wake. Kama hayapo, acha, kisiwa hakihami. Wakati wa kusi nenda asubuhi tu, maana alasiri upepo unachafua bahari na kurudi kutakulowesha mpaka kitambulisho. Kisiwani hakuna duka wala kivuli cha kutosha. Beba maji ya kunywa, na takataka zako urudi nazo.

Hatua ya saba: kurudi

Siku ya wiki ondoka ufukweni saa kumi na nusu. Wakati huo pantoni zinawaleta wafanyakazi Kigamboni, na wewe unakwenda kinyume chao, nafasi tele. Jumapili ni kinyume: kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku Feri ya Kigamboni ni kichwa juu ya kichwa. Ama toka saa tisa, ama kubali kula chakula cha jioni hukohuko uvuke saa tatu. Wenye gari siku hiyo wapite darajani, na daraja nalo likibanwa, ile barabara ya Kibada hadi Kongowe ipo.

Kabla ya kupanda bajaji, kagua vitu vitatu: salio la N-Card, viatu vya watoto, na funguo za nyumba. Sisi Jumapili ile tulivuka na viatu vitano kwa miguu sita.